Ushauri Nasaha Haulipi Nauli

Chukua kile kijitabu wanachopewa wanafunzi wapya wa famasia wakifika chuo. Mahali fulani nyuma nyuma, baada ya ramani na kabla ya sheria za hosteli, kuna kichwa kinachosema "Huduma kwa Wanafunzi". Picha ya vijana watatu wakicheka chini ya mti. Halafu orodha: ushauri nasaha, zahanati, michezo, mlezi wa kitaaluma, vilabu, maombi. Imepangwa vizuri kama rafu ya kemisti.

Sasa uliza komredi wa mwaka wa tatu ametumia ngapi kati ya hizo. Muulize jina la mlezi wake wa kitaaluma. Muulize mshauri yuko ghorofa ya ngapi. Wengi watacheka, kicheko kisicho na furaha yoyote, kisha watakuomba soo ya chai.

Hoja yangu ni fupi. Vyuo vyetu vinamchukulia mwanafunzi anayezama kama mgonjwa, wakati mara nyingi kinachougua ni ratiba, pesa na alama. Ndiyo maana msaada umefungiwa kwenye chumba kimoja chenye viti viwili na boksi la tishu. Mpaka msaada utoke kwenye chumba hicho na kuingia ndani ya kozi yenyewe, tutaendelea kupoteza watu tuliowapigia makofi kwenye matokeo ya KCSE. Na tukishawapoteza, tutasema hawakuwa na bidii.

Kwanza tuelewane kuhusu kozi. Shahada ya famasia Kenya ni miaka mitano, kisha mwaka mmoja wa uanagenzi hospitalini ndipo Bodi ya Famasia na Sumu ikusajili. Mwanzo ni anatomia, fiziolojia na biokemia. Baadaye inakuja kemia ya dawa, utengenezaji wa vidonge na sharubati, famakognosia ambayo ni dawa zitokanazo na mimea, na famakolojia ambayo haina mwisho. Unajifunza kwamba majina yanayoishia na "-pril" ni ya presha, na "-olol" pia ni ya presha lakini kwa njia nyingine kabisa, na ukichanganya njia hizo kwenye mtihani hakuna atakayekuonea huruma. Asubuhi darasa, mchana maabara, jioni ripoti ya maabara. Miaka ya mwisho unaingia wodini na koti jeupe, unasimama nyuma ya madaktari ukitafuta kosa kwenye karatasi ya dawa, huku ukiomba usiulizwe swali.

Sisemi kozi ipunguzwe. Mtu anayenipa warfarin namtaka awe amelia kidogo akijifunza warfarin. Ninachosema ni kwamba kozi ya namna hii ina uzito unaojulikana kabla hata mwanafunzi hajafika. Wahadhiri wanaujua. Wanajua ni mwaka gani watu wanaanguka na ni somo gani linawaangusha. Kila mwaka sapu zinarundikana palepale. Daraja likiangusha magari mahali pamoja kila mwaka, huwezi kuendelea kuwapima madereva macho.

Na famasia ina upweke wake. Mwanafunzi wa udaktari, kila mtu anajua anateseka. Hata shangazi anamwombea kanisani. Wewe wa famasia unaulizwa, "Kwani ulikosa alama za udaktari?" Halafu mtu huyohuyo anakupigia simu usiku: "Daktari wetu, nina kitu hapa kifuani, ninywe nini?" Kijiji kizima kina mfamasia asiyelipwa, na bado yuko mwaka wa pili. Ukisema umechoka, unaambiwa unasomea kuuza Panadol.

Tuje kwa pesa, kwa sababu hapo ndipo vijitabu vinanyamaza.

Mei 2023 serikali ilitangaza mfumo mpya wa ufadhili wa vyuo vikuu, uliotuweka kwenye makundi matano kulingana na uwezo wa familia. Mwanafunzi wa kundi la kwanza, yaani kutoka familia maskini zaidi, alipangiwa mkopo wa kujikimu wa shilingi 60,000 kwa mwaka. Wa kundi la tano, 40,000. Chukua ile kubwa. Igawanye kwa siku 365: ni shilingi 164 kwa siku. Hata ukitoa likizo na kuhesabu miezi tisa tu, unafika kama 222. Hapo utoe chakula, bando, kunakilisha noti, sabuni, na nauli ya kwenda hospitali ya mafunzo ikiwa hosteli yako haiko karibu nayo. Asiyepata hosteli na anayepanga bedsita, hesabu yake siifanyi hapa, tutaharibiana siku.

Na hiyo ni ikiwa pesa imeingia kwa wakati. Kila komredi anajua ile wiki ambayo HELB haijaingia na darasa zima limekuwa na heshima ya ajabu: hakuna anayemwalika mwenzake kibandaski. Watu wanaenda maabara na chai ya rangi tumboni, wanapima miligramu kwa mikono inayotetemeka. Kuhusu makundi yenyewe, Desemba 2024 Mahakama Kuu ilisema mfumo huo unakiuka Katiba, serikali ikakata rufaa, na mawakili wakaendelea kubishana. Mwanafunzi hakungoja rufaa. Alikuwa na mtihani Jumatatu.

Sasa mchukue mwanafunzi huyo, mwenye njaa na sapu mbili, umpeleke kwenye chumba cha ushauri nasaha. Mshauri ni mtu mwema. Sina ugomvi naye, na mara nyingi yeye mwenyewe amezidiwa, mmoja kwa maelfu. Anamuuliza, "Unajisikiaje?" Anamfundisha kupumua polepole. Anamshauri apange muda wake. Muda upi? Anamwambia alale saa nane. Wapi, ikiwa chumba cha watu wawili kinalaza watano kwa sababu wengine hawana kodi? Ushauri nasaha ni kitu kizuri na kuna watu umewaokoa. Lakini haulipi nauli. Hauwezi kutafuta alama zako zilizopotea. Hauwezi kumlazimisha mhadhiri asiweke mtihani na zamu ya wodi siku moja.

Halafu kuna suala la saa. Ofisi inafunguliwa asubuhi na kufungwa jioni, siku za kazi, na saa ya chakula mlango umefungwa. Hizo ndizo saa ambazo mwanafunzi wa famasia yuko darasani, maabara au wodini, na akikosa anapoteza mahudhurio, na akipoteza mahudhurio hafanyi mtihani. Kwa hiyo ili upate msaada wa kutoanguka, sharti ufanye jambo litakalokuangusha. Huwezi kusema huduma ipo ikiwa haifikiki. Dawa iliyo ndani ya kabati lililofungwa, kwa mgonjwa, ni sawa na dawa ambayo haipo. Hilo tunafundishwa darasani, ni ajabu halitumiki ghorofa ya chini.

Na kuna woga. Nenda hosteli yoyote usikie: ukienda kwa mshauri, jina lako litafika kwa mkuu wa kitivo, na mkuu wa kitivo atajiuliza kama mtu wa hivyo anafaa kukabidhiwa dawa. Labda si kweli. Lakini ni nani aliyesimama mbele ya darasa akasema wazi kwamba si kweli? Uvumi hukaa mahali ambapo hakuna aliyeeleza. Kwa hiyo watu wanaojua dawa za usingizi, za wasiwasi na za huzuni kwa majina, dozi na madhara, ndio wanaoogopa zaidi kusema hawalali. Wanajua nusu ya kafeini waliyokunywa saa nne usiku bado iko mwilini saa tisa. Wanaiandika hivyo kwenye mtihani, wanapata alama, kisha wanafungua kopo lingine.

Mimi niliacha famasia mwaka wa tatu. Chuo sikitaji, na kusema kweli hakina upekee wowote. Alama za somo moja nililofanya na kupita hazikuonekana kwenye mfumo. Nikaambiwa niende idarani, idara ikanituma kwa ofisi ya mitihani, ofisi ya mitihani ikanirudisha idarani nikalete barua. Muhula mzima nilikuwa na ajira isiyolipwa ya kutafuta karatasi yangu mwenyewe. Wakati huo karo ilikuwa na deni, na mwenye deni hasajili masomo, na asiyesajiliwa hawezi kulalamikia alama. Ulipofika mwisho wa mwaka, nilikuwa nimebeba somo nililopita kama somo nililoanguka. Nilipouliza nani anaweza kunisaidia, nilipewa karatasi ya miadi ya ushauri nasaha. Nilienda. Tulizungumza vizuri. Alama hazikurudi.

Sielezi haya ili nihurumiwe. Naandika, nalipwa kwa neno, mara nyingine kwa wakati. Nayaeleza kwa sababu ya jambo moja ambalo halizungumzwi: nilitoka pale na nini? Miaka karibu mitatu ya anatomia, biokemia, kemia ya dawa, na kwa karatasi mimi bado ni mtu wa KCSE. Stashahada ya teknolojia ya famasia pale KMTC ni miaka mitatu, na ukimaliza unatambuliwa na Bodi na unaweza kufanya kazi. Sidai nipewe stashahada ya bure. Mafunzo yale yana vitendo ambavyo sikuvifanya na mgonjwa anastahili mtu aliyevifanya. Lakini mbona hakuna daraja? Nchi hii ilipitisha Sheria ya Mfumo wa Kitaifa wa Sifa mwaka 2014, na ikaunda mamlaka ambayo kazi yake mojawapo ni kuweka utaratibu wa masomo uliyopita kuhesabiwa na kuhamishwa. Zaidi ya miaka 10 baadaye, jaribu kuingia chuo kingine na masomo yako ya mwaka wa pili mkononi uone utakavyoangaliwa. Utaambiwa uanze upya. Kama fiziolojia ya figo inabadilika ukivuka Thika Road, nijulishwe.

Hiyo nayo ni huduma kwa mwanafunzi, na pengine ndiyo kubwa kuliko zote: kumtoa mtu kwa heshima. Chuo kinachojua kukupokea kwa nyimbo na fulana kinapaswa kujua kukuaga na karatasi inayosema ulichojua ulipoondoka.

Najua majibu. Nimeyasikia yote.

La kwanza: "Dawa ni sumu. Sheria yenyewe inaitwa hivyo. Hatuwezi kulegeza kamba." Sawa kabisa. Sheria ya Famasia na Sumu, Sura ya 244, haikuitwa hivyo kwa mapambo. Lakini nani ameomba kamba ilegezwe? Kuniambia alama zangu ndani ya wiki nne hakupunguzi ugumu wa mtihani. Kunipa mafunzo ya ziada kabla ya mtihani badala ya sapu baada yake hakushushi kiwango, kunakipandisha. Paracelsus, yule tabibu wa karne ya 16 tunayetajiwa kwenye somo la sumu, alifundisha kwamba kinachotofautisha dawa na sumu ni dozi. Basi na shinikizo ni hivyohivyo. Kidogo kinakuamsha. Kikizidi, kinatoa mfamasia aliyefundishwa kuficha kwamba amechoka, na aliyechoka ndiye anayesoma 10 mahali palipoandikwa 1.0. Anayejali usalama wa mgonjwa aanze hapo.

La pili: "Sisi tulipita hapohapo, na hatukufa." Hili linasemwa sana na watu wenye magari. Wengi wao walisoma wakati ada ya mwanafunzi wa serikali ilikuwa shilingi 16,000 kwa mwaka. Kozi ya famasia kwenye mfumo mpya inahesabiwa kwa laki. Na tena, wewe ulipita. Waliosimama kushoto na kulia kwako wakapotea, ulishawahi kuwatafuta? Ukihesabu waliofika pekee, kila safari itaonekana salama.

La tatu: "Vumilia, ukimaliza maisha ni mazuri." Hili lilikuwa na uzito zamani. Kisha ikaja 2024. Wanagenzi wa udaktari, famasia na meno walikuwa wamemaliza, wamefaulu, wamevaa joho, na wakakaa nyumbani wakingoja kupangiwa hospitali. Serikali ikasema itawalipa 70,000 kwa mwezi, wakati mkataba wa 2017 ulimpa mwanagenzi wa udaktari zaidi ya laki mbili. Chama cha KMPDU, ambacho ni cha wafamasia pia, kiligoma siku 56, kuanzia katikati ya Machi hadi Mei, na bado suala la wanagenzi likaburutwa mpaka Desemba. Mwanafunzi wa mwaka wa nne alikuwa akiyaangalia haya kwenye simu, katikati ya ripoti mbili za maabara. Ukimwambia avumilie, mwambie pia anavumilia kuelekea wapi.

La nne, na hili ndilo la kweli kidogo: "Chuo hakina pesa." Ni kweli, vyuo vya umma vina madeni. Lakini mengi ninayodai hayahitaji jengo wala mfadhili. Yanahitaji mtu kuketi chini na kuamua. Haya hapa, myabandike mahali:

Alama zitolewe kwa tarehe inayojulikana, na zikipotea, kazi ya kuzitafuta iwe ya chuo. Mwanafunzi asizuiwe kusajili masomo kwa sababu ya alama ambazo si yeye aliyezipoteza.

Mshauri akae jioni mbili kwa wiki na Jumamosi asubuhi, karibu na mahali wanafunzi wa famasia walipo. Na mkuu wa kitivo aseme mbele ya darasa, kwa mdomo wake, kwamba yanayozungumzwa mle hayafiki kwake, na aeleze waziwazi ni hali gani pekee zinazoweza kuvunja siri hiyo.

Masomo yanayojulikana kuangusha watu yawe na vipindi vya marudio kuanzia wiki ya tatu, vikiongozwa na wanafunzi wa mbele yao, nao walipwe kitu au wapewe cheti. Wanafunzi hawa tayari wanafundishana usiku kwenye vyumba vya hosteli, bure. Chuo kimekuwa kikijisifu kwa kazi yao.

Kuwe na mfuko mdogo wa dharura wa nauli na chakula wakati wa mafunzo ya hospitali, usiohitaji barua ya chifu na picha mbili za pasipoti. Na hapa nawageukia wafamasia wenyewe. Uingereza kuna shirika linaloitwa Pharmacist Support, lililotokana na mfuko ulioanzishwa mwaka 1841, ambalo husaidia wafamasia na wanafunzi wa famasia pia. Walianza na michango ya wenye taaluma. Sisi tuna Chama cha Wafamasia cha Kenya, tuna makongamano Mombasa kila mara, tuna mikoba yenye nembo za kampuni za dawa. Thao moja kwa mwaka kutoka kwa kila mwenye leseni ingelisha watu wengi wodini.

Na mwisho, cheti cha kuondokea. Mtu akiacha mwaka wa pili, wa tatu au wa nne, apewe orodha ya masomo aliyopita bila kufukuzana na ofisi sita, na vyuo vingine vilazimike kuisoma.

Nawe komredi unayesoma hii kwenye matatu, una lako pia. Acha ile tabia ya kushindana nani amelala saa chache. Acha kumwita anayeomba msaada "laini". Mwakilishi wa darasa, ukienda kwenye mkutano na mkuu wa idara, usiombe tu safari ya darasa na fulana. Ingia na orodha: ni wangapi hawana alama, za masomo gani, tangu lini. Orodha yenye nambari haikataliki kirahisi kama machozi. Ikikataliwa, ipeleke kwa seneti ya chuo, na ikibidi kwa Commission on Administrative Justice, yaani ofisi ya Ombudsman inayoshughulikia malalamiko ya umma. Ofisi hiyo ipo kwa ajili ya ofisi zinazorushiana watu kama mpira, na kupeleka malalamiko huko ni bure.

Mwaka huu tena KUCCPS itatangaza majina. Mahali fulani, nyumba itajaa majirani, kuku atachinjwa, mzee atasimama aseme sasa tuna daktari wa dawa. Yule mtoto ana uwezo. Alama zake zimesema. Asipomaliza, kabla hamjauliza alikosa nini, ulizeni alipewa nini.